Nusura Nipigwe Marufuku Dukani kwa Pretzel

Mstaafu wa jiko la mkate ni mtu wa kuogopwa. Mstaafu wa ofisi akirudi kutembelea ofisi yake ya zamani hupewa chai na kuulizwa habari za magoti. Mstaafu wa mkate akiingia dukani huinusa hewa kwanza, na hewa ile humwambia kwamba unga wa leo umeumuka kupita kiasi. Hapo ndipo balaa huanza. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi za mikono hapa London, na hasa wajukuu zangu wawili ambao nikisema nao Kiswahili hunijibu Kiingereza, mjue jinsi bibi yenu alivyokaribia kupigwa marufuku katika duka analolipenda kuliko maduka yote ya mji huu. Na duka lenyewe ni lile lile alilolifanyia kazi mpaka viganja vyake vikagoma.

Duka liko Kingsbury, baina ya muuza sari na muuza mboga, na linauza pretzel. Kwa asiyeijua, pretzel ni mkate laini uliosukwa mfano wa mtu aliyekunja mikono kifuani akingoja kuombwa radhi. Ngozi yake ni ya hudhurungi na inang'aa, tumbo lake nene limechanwa, mikono yake ni myembamba na mikavu, na juu yake kuna chumvi ya chengachenga. Ikiwa ndiyo kwanza imetoka tanurini, ukiivunja ngozi hulia kidogo na mvuke hutoka. Watu wanashuka kwenye basi njiani kuifuata. Wengine huisubiri mvuani na hawalalamiki, na Mwingereza asiyelalamikia mvua ujue ana jambo kubwa moyoni.

Aliyeanzisha duka ni Bwana Harshad, Mhindi wa Kisumu, ambaye alijifunza kazi kwa bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na tanuri upande wa kusini wa mto. Aliichagua pretzel kwa sababu haina yai, na nusu ya majirani zake hawagusi yai. Mimi nilimwendea kuomba kazi nikiwa nimefika mjini si zamani, kichwa kimejaa sifa. Mombasa nilikuwa muuza mahamri pale Kibokoni, na asubuhi watu walijaa mlangoni kwetu. Nikamwambia, "Unga mimi naujua hata nikifumba macho."

"Basi fumbua," akasema. "Huku tunafanya na macho wazi."

Ningekuwa na akili ningenyamaza tangu siku hiyo. Badala yake, siku ya kwanza nilipoachiwa unga peke yangu niliuonja, nikauona hauna harufu, nikauhurumia. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa iliki. Mwanamke wa Mombasa hukosa kitambaa mkobani, hakosi iliki. Niliitwanga, nikaitia yote. Pretzel zilipotoka tanurini duka zima lilinuka Idi. Bwana Harshad alikuja mbio kutoka nyuma, akanitazama, akaitazama trei.

"Mama Salma, hii ni nini?"

"Nimeirekebisha."

"Nani alikwambia imeharibika?"

Alinisema sana. Kisha nikamkuta nyuma ya tanuri na kikombe cha chai, anakula ya tatu, na makombo yamejaa shatini. Alipoona nimemwona alinisema tena, mdomo umejaa.

Somo la pili lilikuwa la magadi. Pretzel haipati ile ngozi mpaka ichovywe kwenye maji ya magadi kabla ya kuingia tanurini. Bwana Harshad alipolitaja neno nilicheka. Magadi! Nani hakuwahi kuyatia kwenye maharage magumu? Sisi tuna desturi ya kuonja kila kitu kwa kudondosha kidogo kiganjani na kulamba, nami nikanyoosha kiganja. Alinidaka mkono kwa nguvu nikadhani kapagawa. Kumbe magadi ya waoka mikate si yale ya maharage. Yanaweza kuibabua ngozi, na ulimi ndio kabisa. Kuanzia hapo nikavaa glavu ndefu na miwani mikubwa, nikawa kama fundi wa kuchomelea vyuma, na mabinti wa muuza sari wakawa wanakuja dirishani kunitazama na kucheka.

Lakini kosa langu kubwa, ambalo mpaka leo nikitajiwa najifanya sisikii, ni la harusi ya Wembley. Wenyewe waliagiza pretzel za kuwapa wageni mlangoni, na walitaka ziwe za moto. Bwana Harshad alitoka, akaniachia kazi ya kufungasha. Sasa nyinyi mnajua kwetu chakula cha moto hutunzwaje. Chapati hufunikwa kwa kitambaa, huingizwa kwenye hotipoti, na kifuniko hukazwa. Mgeni kumpa mkate uliopoa ni aibu ya ukoo mzima. Nilikwenda nyumbani mbio, nikaleta hotipoti zangu zote, nikaazima na za jirani, nikazifunga pretzel kwa taulo safi kama watoto wachanga waliotoka kuogeshwa.

Zilipofunuliwa ukumbini zilikuwa za moto kweli. Ila ngozi ilikuwa imekunjamana kama vidole vya mfuaji nguo, chumvi yote imeyeyuka, imekuwa jasho, na zimegandana hata ukiinua moja unainua ukoo. Bi arusi aliishika moja, ikamning'inia mkononi. Akaniuliza kwa upole kama imeshapikwa.

Bwana Harshad hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alirudi dukani papo hapo kuoka nyingine, nasi tukazibeba kwenye masanduku yaliyo wazi, kwenye basi, harufu ikiwatia abiria wazimu. Njiani akaniambia neno moja la kazi nililolishika maisha yangu yote. Pretzel lazima ipumue. Mfuko uwe wa karatasi, na mdomo wa mfuko uwe wazi. Ukiifunika kwa mapenzi umeiua.

Baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza kwamba kamba ya unga husokotwa kutoka katikati kwenda nje, tumbo libaki nene na ncha ziwe nyembamba, kwa sababu mlaji anataka vitu viwili katika mkate mmoja, ulaini na ukavu. Nilijifunza kuirusha kidogo hewani ijizungushe yenyewe, ingawa wiki za mwanzo zilijizungusha zikaangukia kiatuni. Nilijifunza kutoiamini saa ya tanuri na kuiamini rangi. Mwisho wake nikawa hodari, nasema kweli, na uhodari wangu ukawa ndio ugonjwa wangu. Miaka mingi nilisuka mpaka vifundo vya mikono vikaanza kuuma hata kufungua chupa ya maji. Daktari akasema basi. Nikapewa keki ya kuagwa, nikaikuta imekauka, nikawaambia.

Nilipostaafu Bwana Harshad naye alikwishahamia Leicester kwa mwanawe wa kiume, kwa sababu ya magoti, tuliambiwa, na duka likashikwa na bintiye, Minal. Minal amezaliwa hapa hapa. Kiswahili hakisemi sana lakini anakisikia chote, hasa ukimsengenya. Alinipa heshima kubwa. Aliniambia kila Jumamosi asubuhi nije nikae kiti cha dirishani, nile pretzel ya moto, nisilipe. Jambo gani zuri zaidi mzee anaweza kupewa? Nikashukuru, nikaja, nikakaa, nikaanza kazi ya ukaguzi ambayo hakuna aliyeniajiri.

Aliyechukua nafasi yangu jikoni ni Neema, binti wa Nakuru. Kabla ya hapo alikuwa akitunza wazee majumbani. Amerushiwa vijiko, ametukanwa kwa lugha asizozijua, ameogesha watu waliomwuma, wala hakuacha kazi. Alikuja kwenye mkate akitafuta utulivu. Mimi nilimshinda kwa wiki chache tu.

Jumamosi ya kwanza nilimwambia chumvi ni nyingi. Ya pili nikamwambia ni chache. Nilipochoka kusemea kitini nikawa naingia jikoni, nagusa unga kwa kidole, natikisa kichwa, natoka. Sikusema neno, na nilijiona nina adabu sana kwa kutosema neno. Pretzel yangu ikiletwa naigeuza chini juu, naipasua, naitazama ndani kwenye mwanga wa dirisha, nanusa. Kufika kuila imepoa. Mara nyingi nilikuwa naimega kipande, naiacha.

Siku ya siku foleni ilikuwa imefika mlangoni. Neema alikuwa anasuka mbele ya wateja, kwa sababu Minal aliona watu wanapenda kutazama. Nami nikamwona anaiacha mikono ya pretzel minene. Ulimi hauna mfupa. Nikapaza sauti kutoka dirishani, "Neema mwanangu, hiyo ni mikono au miguu ya tembo?"

Watu waligeuka. Mama mmoja aliyekwisha kupewa yake aliitazama, akaomba abadilishiwe. Neema akaweka unga chini, akavua aproni, akaikunja vizuri.

"Minal, mimi nimetunza wazee wa kila aina," akasema. "Huyu hapana. Ni yeye ama ni mimi."

Minal alinishika mkono, akanitoa nje hadi kwenye vikapu vya mabamia vya jirani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na mimi niliyemjua tangu anabebwa niliona haya.

"Anti, I love you. Kweli," akasema. "Lakini Neema akienda, Saturday nafunga. I can't do it alone. Ama unakaa kama customer, you eat, you say thank you, that's it. Ama usije."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakumjua Minal.

Nikasusa. Nikajiambia pretzel ni unga na maji tu, nitajipikia mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikageuza jiko langu la nyumbani, Wembley, kuwa tanuri. Mikono iliuma, nikasuka hivyo hivyo. Sufuria ya maji na soda ya kuokea ikafurika povu jikoni, nikashughulika na povu nikasahau tanuri, king'ora cha moshi kikalia, wajukuu wakafungua madirisha yote, baridi ikaingia. Kilichotoka kilikuwa cha mviringo, kwa sababu mikono ya pretzel ilikuwa imemezwa na tumbo. Mjukuu wangu mdogo alikitazama kwa heshima akasema, "Bibi, this is a bagel," yaani ule mkate mwingine wa mviringo wenye tundu. Nikamwambia ale anyamaze. Alinyamaza, kwa kuwa kilimgandia kwenye meno.

Jumamosi nyingine palikuwa na mpira uwanjani na wauzaji wa barabarani wamejipanga. Nikanunua pretzel kwenye kigari kimoja. Ilikuwa baridi, imefungwa kwenye plastiki, na ilitafunika kama kandambili. Niliimaliza nikiwa nimesimama kwenye umati wa mashabiki wanaoimba, na nilijisikia mpweke kuliko siku niliyoshuka kwenye ndege. Nilikuwa nimelipenda lile duka. Nilikuwa nimempenda yule mtoto Minal. Na vyote viwili nilikuwa navipoteza kwa sababu ya mdomo.

Nikampigia simu Bwana Harshad Leicester. Mpango wangu ulikuwa kumshitaki bintiye, naye ampigie simu amkumbushe nani aliyekuwa akimpa unga wa kuchezea alipokuwa mdogo. Nikaeleza yote, nikaongeza chumvi kidogo, nikapunguza miguu ya tembo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha nikasikia anacheka, cheko la kifua kibovu, mpaka akakohoa.

"Mama Salma," akasema, "wewe unafikiri mimi nilihamia Leicester kwa nini? Hewa nzuri?"

"Si magoti?"

"Magoti, ndiyo, magoti. Minal alinifukuza kwanza. Kile kiti cha dirishani kilikuwa changu kabla yako."

Mzee mwenyewe, mwenye tanuri, mwenye jina mlangoni, alikuwa amekaa pale pale akiwasumbua watu wale wale, na aliyekuwa akisumbuliwa enzi hizo nilikuwa mimi! Nikakumbuka. Alikuwa akija Jumamosi, anagonga kioo, ananionyesha kwa kidole kwamba tumbo nimelichana vibaya. Nami nilikuwa naenda nyuma ya tanuri namwapiza kwa Kimvita, ili asielewe, na alikuwa anaelewa kila neno.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema alipomaliza kukohoa. "Wewe umewahi kula pretzel nzima? Ya moto, nzuri, umekaa?"

Nikataka kujibu mara moja kwamba nimekula elfu. Nikajaribu kuzihesabu. Nilichokula miaka yote ni vilema. Zilizopinda, zilizoungua, zilizovunjika mkono, ndizo tulizokula sisi wa jikoni, na tulizila wima, karibu na pipa, mkono mmoja ukigeuza trei. Nzuri ni ya mteja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria na hatukuiona kuwa ni dhuluma, tuliiona kuwa ni heshima. Na nilipostaafu nikapewa nzuri, nilikuwa naipasua kutafuta kilema.

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Hata mimi," akasema. "Na sasa niko Leicester, na pretzel ya huku, Mama Salma, usiniulize."

Jumamosi iliyofuata nilivaa buibui langu la kutokea, nikapanda basi. Foleni ilikuwa ndefu. Sikupita pembeni kama mwenye nyumba nilivyozoea, nikasimama nyuma ya kijana mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni. Nilipofika mbele Neema aliniona, mikono ikasimama. Minal akatoka nyuma ya tanuri na trei, naye akasimama. Nikasema nataka moja, na nitalipa. Neema akachukua iliyotoka wakati ule, akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akaacha mdomo wazi. Nikaenda kukaa.

Sitawadanganya. Jicho liliona kila kitu kabla sijaketi. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Tumbo lilichanwa juu kidogo. Kidole changu kilianza kuigeuza chini juu chenyewe, nikakikamata kwa mkono wa pili, na bibi mmoja wa meza ya jirani aliniuliza kama naumwa. Nikavunja mkono mmoja. Ngozi ikalia. Nikautia mdomoni kabla pua haijaanza ubishi.

Jamani. Chumvi ilikuja kwanza, halafu ule ukavu unaovunjika, halafu ndani, laini, tamu kwa mbali kama maziwa, na joto linalofika hadi kwenye masikio. Nikala mkono wa pili. Nikafika tumboni, penye mvuke, nikafumba macho. Miaka mingi nilikuwa nawaona wateja wanafumba macho nikidhani wanajishaua. Neema alikuwa ananishinda mimi kwa mbali, na nilijua hivyo kwa ulimi, si kwa jicho. Nilisikia wivu kidogo, halafu wivu wenyewe nikaumeza na kipande kinachofuata. Nilipofumbua macho mfuko ulikuwa mtupu na Neema alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ina unga, ameikunja kifuani. Nyuma yake Minal ameshika taulo kwa mikono miwili kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali.

"Haya, Mama Salma," Neema akasema. "Sema tu. Iko na makosa?"

"Lipo moja," nikasema.

Minal akafumba macho.

"Umenipa moja," nikasema, "na mimi nilitaka mbili."

Neema alinitazama, akitafuta mtego uko wapi. Alipoukosa, alicheka, akajifuta uso akajipaka unga. Nikamnyooshea mfuko mtupu aniletee nyingine, kama nilivyozoea kuletewa.

"Foleni iko pale, Mama Salma," akasema, akarudi kazini.

Nikainuka na magoti yangu, nikatoka hadi mlangoni, nikauliza nani wa mwisho.